Bedan Hakuwahesabu Ndege

Je, umewahi kunyang'anywa jasho lako na mtu anayekushukuru huku akitabasamu?

Bedan Ndung'u wa mtaa wa Jericho alivunja mawe miaka kumi na mmoja katika machimbo ya Embakasi. Machimbo yalipofungwa, maji yaliyajaza, katikati kikabaki kisiwa cha vifusi. Kila Jumapili baada ya kanisa Bedan alivuka kwa chelezo cha mapipa, akapanda mafunjo na migunga.

"Baba Nduta, wenzako wanapanda sukuma wiki, wewe unawapandia ndege!" mkewe Wacera alimcheka.

Mwaka wa saba, yangeyange na korongo walitaga huko.

Mwaka 1984 chama kimoja cha wapenda ndege kilitaka mlinzi wa kisiwa, mwenye mshahara. Katibu wake, Bwana Javan, akamwambia, "Mzee, Jumamosi utatembeza wageni. Ukifaulu, kazi ni yako."

Jumamosi hiyo Bedan alinoga. Alionyesha dume linavyoleta kijiti na jike linavyokikataa, mpaka wageni wakashusha darubini wamsikilize yeye. Ndipo Javan akauliza, "Haya, waambie. Ndege ni wangapi?"

Bedan aligeukia viota. Kwao Murang'a chenye uhai hakihesabiwi, awe mbuzi awe mtoto. Ukikihesabu umekiitia kifo.

"Wametosha," alisema.

"Wametosha? Kwani ni ugali?"

Wageni wakaangua kicheko.

"Bwana Katibu, niulize yupi mgonjwa, yupi amefiwa na mwenzake, nitakuambia. Idadi, hapana."

"Miaka yote hii na hesabu ya darasa la kwanza imekushinda!"

Haikumshinda, alifika la saba. Lakini nchi yetu hii haimtaki anayejua, inamtaka anayejaza fomu. Jioni Javan alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa niaba ya taifa zima, kisha kazi akampa karani wake, Munyoki.

Asubuhi iliyofuata Bedan alisimama ukingoni. Munyoki alikuwa ameshavuka kwa chelezo kilekile, daftari kwapani, anagonga debe ili ndege waruke awahesabu. Wakaruka wote, wakazunguka juu wakilia. Mayai yakabaki wazi. Kunguru wakateremka kutoka nyaya za stima, wakaanza na viota vya kando.

"Munyoki! Acha! Angalia chini!" Bedan alipiga kelele.

Munyoki, macho juu, aliendelea kuandika.