Maktaba Iliyokuwa kwa Simu Tu

Nakumbuka siku moja ya Desemba, mwanangu, nikiwa msichana hapa Kabuchai. Wageni wa Krismasi walikuwa njiani, na nyanya yangu akanituma nikandike nyumba. Ukuta unaotazama barabara niliupaka udongo mwekundu na mweupe, nikauchorea na maua. Ule wa nyuma, wa chumba cha wageni, unaopigwa na mvua, nikauacha na nyufa zake. Nani angeenda huko?

Nyanya alienda. Akanishika sikio: "Kwani wageni watalala barabarani?"

Sasa juzi mjukuu wangu Nekesa, aliyesomea kompyuta, aliitengenezea shule yetu tovuti. Alinionyesha kwa simu: nyekundu, manjano, kijani, inang'aa kama leso mpya soko la Chwele. Mimi niliyeachia darasa la tatu nilijigamba kanisani mpaka pasta akasema, "Mama, sasa tuombe."

Wiki hiyo hiyo mama mmoja akaja shuleni kutoka Kitale na binti yake, sanduku la bati juu ya bodaboda. Mtoto alishatolewa shule ya kule, akae kwa shangazi yake asome kwetu. Alikuwa ameona kwa tovuti maktaba yenye viti vya kijani na vitabu hadi juu.

"Maktaba ni ipi?" mtoto akauliza.

Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Vitabu vyetu vyote viko kwa kabati moja, mlango umefungwa na waya. Mtoto akakalia sanduku lake, akalia. Nilikuwa hapo na Nekesa, nimepeleka mboga za jikoni.

"Kukhu, si ni picha tu ya mtandaoni ya kupendezesha," Nekesa akaniambia mimi nyanya yake. "Shule zote hufanya hivyo."

"Ati kupendezesha! Haya, mwambie huyu mtoto akalie hicho kiti cha kijani!"

Akaitoa ile picha tukiwa tumesimama hapo, akapiga nyingine ya kabati. Lakini mama alikuwa ameshapandisha sanduku. Wakarudi Kitale.

Mpaka leo nina hasira. Na Nekesa, na mwalimu mkuu aliyeiona picha akaisifu, na mimi niliyejigamba bila kuuliza hiyo maktaba iko wapi.

Mwanangu, rangi weka, hata nyingi, mimi napenda rangi. Lakini usimwite mtoto wa mtu kwa kitu ambacho hakipo. Onyesha kabati na waya wake, anayekuja aje akijua. Mungu akupe mikono ya kuijenga maktaba hiyo kweli, na yule binti wa Kitale awe wa kwanza kukaa ndani.