Stesheni Masta Anyoosha Mpira

Jumamosi, kwenye uwanja ulioachwa na Wazungu wa mgodi, nilimkuta stesheni masta akicheza gofu. Siku zote uso wa fimbo yake hufunguka, yaani hugeukia kulia anapopiga, na mpira hupinda kulia. Kwa hiyo amezoea kulenga kushoto, jirani anakoanika mpunga, ili ukipinda urudi katikati.

Rafiki yake akamgeuza mikono kidogo kwenye mpini. "Haya, piga!"

Mpira ukanyooka kama reli, ukatua juu ya mpunga. Kuku wakatawanyika.

"Umenyooka!" Stesheni masta akarusha kofia.

Mama mwenye mpunga akarudisha mpira huku akicheka. "Hongera, shemeji. Kama umepona, mbona bado unalenga kwangu?"

Nilicheka hadi nyumbani. Jumapili nikafika misani kanisa halijafunguliwa. Saa yangu iliyokuwa ikichelewa ilishatengenezwa, nami bado naiongezea nusu saa kila nikiisoma.