Sabuni ya Mahfudha na Kanga Niliyoifua Mimi

Hapa Marekani, watu wa Herndon wanafunga safari mpaka kwetu Adelphi kufuata sabuni ya kufulia. Ndiyo, sabuni! Wanapita maduka kumi yaliyojaa sabuni za kila rangi, wanaingia barabara kuu ya Beltway na foleni yake, wanapanda ngazi za jengo letu hadi ghorofa ya tatu kugonga mlango wa Mahfudha, maana hapo kila mtu ana kopo lake lenye jina lake na harufu yake. La Domina lina mchaichai. La Nabil lina udi, na ole wako umpe lenye waridi. Mahfudha hajawahi kubandika tangazo popote. Wakimsifu, mimi nakaa kwenye kochi nakunywa chai yangu kimya, kwa sababu sabuni hiyo isingekuwepo kama mimi Edna nisingekuwa na kiherehere.

Nasema kiherehere kwa kuwa ndilo neno lake. Mama yangu kule Same aliniita hivyo tangu nina miaka sita, na kazi yangu kwenye nyumba ya wazee Lanham imeniongezea tu. Nikiona shuka lina doa, mkono unaniwasha. Nikiona mtu anafua vibaya, namnyang'anya.

Mahfudha ni Mzanzibari wa Kikwajuni. Alikuja huku na mumewe Mwadini mwaka tisini na tatu, wakamwacha binti yao Ummu, hata hajatimiza mwaka, kwa mama yake Mahfudha. Ilikuwa iwe miezi sita tu, makaratasi yakamilike wamchukue. Nani asiyejua makaratasi ya nchi hii? Miezi sita ikawa miaka minne na ushee. Mtoto alifika Februari ya tisini na nane, ana miaka mitano, kavaa sweta tatu, mkononi kashika mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na kanga kuukuu ya bibi yake, kipande kimoja cha doti. Kile kingine Bibi alibaki nacho.

Pale uwanja wa ndege Mahfudha alipiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akamtazama, akamwambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo, Mahfudha."

Hakuwa na kosa. Jina hilo ndilo alilolisikia kwa Bibi kila simu ilipolia: Mahfudha huyo, njoo umsalimie. Lakini mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, mtoto anakula, anacheza, na bado ni Mahfudha nipe maji, Mahfudha nimemaliza. Akitaka kulala anaitoa kanga mfukoni, anajifunika uso, anavuta pumzi ndefu, analala. Mama yake akijilaza pembeni, yeye anasogea ukutani.

"Da Edna," aliniambia siku moja, "mie n'najiona mfanyakazi wa ndani wa mtoto wangu mwenyewe." Alisema huku anacheka, ila mimi niliumia.

Sasa sikiliza dhambi yangu. Jumamosi moja ya Mei Mahfudha alikuwa shifti hotelini anakotandika vitanda, Mwadini yuko barabarani na teksi yake, mimi nikabaki na Ummu. Baada ya chakula mtoto akapitiwa na usingizi kwenye kochi, kanga ikaanguka sakafuni. Nikaiokota. Ilikuwa na madoa ya chai, madoa ya mchuzi, na makamasi ya baridi yote ile. Nikainusa, nikajisemea hapa pana kazi. Hakuna aliyenituma! Nikambeba mtoto begani na usingizi wake, nikashuka besimenti kwenye mashine za kufulia, nikatia sabuni ya dukani ya kutosha mashuka ya wazee wanne, maji ya moto, kisha mashine ya kukaushia na kile kikaratasi cha manukato. Nilipanda ngazi najisifu. Kanga ilikuwa inang'aa.

Ummu akaamka, akajifunika uso. Akaifunua. Akaigeuza, akanusa pembe zote nne, moja moja. Kisha akaniuliza, "Bibi yuko wapi?"

Jamani! Kilio alicholia mtoto yule sijawahi kukisikia hata msibani. Mahfudha aliporudi alitukuta hivyo, mtoto analia, na mimi nalia. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alikaa chini na yunifomu yake ya kazini, kanga mapajani, akasema, "Hiki ndicho kitu pekee alichokuwa akikipenda nyumbani kwangu."

Tangu siku ile Ummu akazidi kuwa mbali naye. Akishikwa mkono, anautoa. Akaanza kuuliza ndege ya kurudi kwa Bibi inaondoka lini, na kila asubuhi anavaa viatu anakaa mlangoni anaisubiri. Mwadini, mtu mpole asiyependa makelele, ikabidi aseme: kama mpaka mwezi wa tisa mtoto hajatulia, arudi kwa bibi yake, maana kumtesa si mapenzi. Mahfudha alikubali kwa kichwa. Miaka minne kamsubiri, sasa ampandishe ndege amrudishe! Na sababu ni mimi na kiherehere changu.

Wakampigia Bibi simu kwa kadi, wakamuuliza anatia nini kwenye nguo zake.

"Mie sitii kitu," Bibi akasema, anashangaa. "Naweka asumini kabatini, na karafuu kidogo. Alhamisi nafukiza udi. Basi. Kwani mumefanya nini?"

Wakamweleza. Akasema, aa, hilo dogo, atatuma kile kipande chake kingine, kuna mtu anakuja Juni. Tulimsubiri mtu huyo jinsi watu wanavyosubiri mwezi wa Idi. Akaja, Mungu ambariki, na kanga ikaja. Ila ndugu yetu alikuwa na papa mkavu wa shemeji yake, na ili papa asinukishe begi, akamfunga vizuri ndani ya kanga.

Ummu alinusa mara moja tu, akasema, "Papa." Akaenda zake. Hapo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, Mahfudha alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akafuta macho, akasimama. "Basi," akasema, "harufu imetoka kwa sabuni, na mie n'tairudisha kwa sabuni. Da Edna, lete kikwangulio chako cha karoti."

Ndivyo ilivyoanza. Alinunua vipande vya sabuni nyeupe isiyo na manukato, tukavikwangua mpaka vidole vikaota malengelenge. Kikombe cha sabuni, kikombe cha magadi ya kufulia, kikombe cha boraksi, unachanganya kwenye ndoo. Mafuta ya karafuu na ya asumini tuliyapata kwa Mwarabu mmoja mwenye duka la vitabu vya dini na tende. Mara ya kwanza Mahfudha aliyamimina juu ya sabuni moja kwa moja, ikashikana donge. Akajifunza kuyatia kwanza kwenye magadi, matone machache, ayavuruge kwa mkono, ndipo achanganye sabuni, afunike kopo siku tatu lisifunguliwe.

Nyumba iligeuka kiwanda. Siku moja Mwadini alirudi na njaa, akakuta bakuli la vitu vyeupe vimekwanguliwa laini, akadhani mkewe kakuna nazi. Akaimwaga yote kwenye sufuria ya maharage. Maharage yakaanza kutoa povu. Badala ya kushtuka akaonja!

"Mahfudha," akaita kutoka jikoni, "nazi hii umeinunua wapi?"

Ummu alianguka chini kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo hakubanduka jikoni. Akapandishwa kwenye kiti kirefu, akapewa kijiko cha mbao, na yeye ndiye akawa hakimu. Kila kopo likitimiza siku zake, tunafua kanga, tunamletea. Anafumba macho, ananusa.

"Siyo."

Ikawa siyo wiki baada ya wiki. Tukagundua mashine ya kukaushia inaua harufu yote, tukaanika kanga kwenye baraza, ofisi ya jengo ikatuletea barua kwamba nguo haziruhusiwi kuning'inia nje. Haya, tukafunga kamba juu ya sinki la kuogea, Mwadini akawa anaoga kainama chini ya vitambaa vilivyolowa. Mahfudha akaona labda kinachokosekana ni moshi wenyewe wa udi. Akawasha chetezo sebuleni, madirisha yote wazi. King'ora cha moshi kikalia jengo zima, watu wakashuka ngazi na watoto na paka wao, na mwenye zamu wa jengo akaja kumuuliza Mahfudha anachoma nini. Mahfudha akamjibu kwa Kiingereza chake cha hotelini kwamba anachoma nguo. Mtu wa watu akazidi kuogopa. Baada ya hapo tukaishia kwenye mafuta ya udi, tone moja, hakuna moshi.

"Siyo," Ummu akasema.

Lakini sasa alikuwa anasema huku anatikisa miguu kitini, na anatoa amri. "Mahfudha, tia karafuu kidogo. Si nyingi! Utaniwasha pua." Mahfudha naye amevaa dera lake kuukuu la kijani, mikono myeupe kwa magadi, anatii. Mimi niliyaona hayo, ila sikuyatia maanani, maana kichwani nilikuwa nahesabu siku. Agosti ilikuwa imeshafika, na Mwadini alikuwa amekwisha kuulizia tiketi.

Siku moja nimo foleni Beltway natoka kazini, joto limenishika, nikakumbuka maneno ya Bibi. Mie sitii kitu. Sawa, hatii kitu, lakini anafua na nini? Nikajipiga kofi kwenye paja. Sisi tunahangaika na marashi, na sabuni tunayokwangua ni ya hukuhuku, haina harufu hata chembe. Bibi anafua kwa mche wa sabuni, kama mama yangu, kama kila mtu nyumbani! Na mimi ninao mche mmoja chini ya sanduku langu, umezungushiwa gazeti, nilikuja nao mwaka tisini na sita kwa kuwa siziamini sabuni za watu.

Nilifika kwangu, sikubadilisha hata nguo. Niliutoa sandukuni, nikabisha mlango kwa Mahfudha, nikauweka mezani. Mahfudha akauinua, akaunusa, macho yakajaa. "Lo, Da Edna! Ua wa nyumba yetu huu."

Tukaukwangua wote. Asumini, karafuu, tone la udi. Siku tatu zilikuwa ndefu. Jumapili mchana, mimi nimetoka kanisani, Mwadini kapumzisha teksi, tukaitoa kanga kwenye kamba bafuni, na kwa kweli mimi niliyeiharibu ningeweza kuapa kwamba ni ileile. Mahfudha akampa mtoto kwa mikono miwili.

Ummu alinusa kwa muda mrefu. Akanusa pembe zote nne, kama siku ile. Nilikuwa nimeshika kiti.

"Karibu," akasema. "Lakini siyo ya Bibi."

Mahfudha aliikunja kanga, akaiweka mezani, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Mwadini akatazama dirishani. Nikajua tiketi inakatwa Jumatatu, na nikajichukia mpaka roho ikaniuma.

Ummu alikuwa ameshashuka kitini. Ulikuwa wakati wake wa kulala mchana. Akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, akaruka mara mbili mpaka akalidaka lile dera la kijani lililotundikwa pale, lile la kupikia sabuni, limekakamaa kwa magadi na miezi mitatu ya karafuu. Akalivuta likaanguka, akajifunika nalo uso, akavuta pumzi, akaelekea chumbani analiburura.

"Hilo chafu, mwanangu," Mahfudha akasema. "Ngoja nikupe safi."

"Usilifue," Ummu akajibu bila kugeuka. "Lanukia mama."

Mahfudha alishika meza. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Lanukia nani?"

Mtoto akasimama mlangoni, akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mama," akasema. "Si wewe? Njoo basi, nalala."

Mahfudha akaenda. Mwadini aliingia bafuni, akafungua maji ambayo hakuyaoga, na mimi nikakaa na kanga ya watu mapajani nikalia tena, safari hii kwa raha. Baadaye kidogo mlango wa chumbani ulifunguka nusu. Mahfudha akatoa kichwa, ushungi umekaa upande, macho mekundu, uso wote unacheka.

"Da Edna," akaninong'oneza, "ukiligusa dera hili, wallahi, mie na wewe basi."

Ni mwaka sasa. Linakaa kitandani kwa Ummu, limepauka, lina doa la mchuzi begani ambalo naliona kila nikiingia. Mkono unaniwasha, lakini sijaligusa.