Nekesa Alichota Juu

Tangu mkewe Nekesa azikwe, Mzee Wakoli hakuwa na la kusema. Mtaa mzima wa Langas ulijua. Ukimsalimia, anainua kidole, basi. Miezi minne sasa.

Siku moja jirani yake Mungai, mwenye duka la mbegu, aliingia kumuaga. Alikuwa ameuza shamba lake lote la Cheptiret, akanunua ekari mbili pwani, pale mto unapoingia baharini. Pampu ilikuwa tayari kwenye pikapu.

"Bomba nitalishusha mpaka chini kabisa," alisema Mungai. "Juu ni takataka tu. Si ndivyo tunavyochota huku?"

Wakoli aliweka kikombe chini. "Utaua miche."

"Heh! Mzee ameongea! Ngoja niite watu."

"Keti, wewe."

Wakoli alitia maji nusu glasi, chumvi vijiko vitatu, na chai ya rangi kidogo. Kisha akashika kijiko cha marehemu juu yake, akamimina maji safi polepole, kama anamnywesha mgonjwa. Mkono wake ulikuwa umezoea. Maji safi yakakaa juu, meupe. Yale ya chumvi yakabaki chini na rangi yake.

Mungai akainama kutazama. Mzaha ulimwisha.

"Ya chumvi ni mazito," Wakoli alisema. "Bahari ikipanda, mara mbili kwa siku, inaingia chini ya maji ya mto. Ukitazama unaona maji yanaenda. Chini yanarudi."

"Sasa nichote wapi?"

"Juu. Bahari ikishuka. Na kiangazi uonje kwanza, mto ukiwa mdogo chumvi inapanda mbali."

"Na mwezi ukiwa mkubwa? Wanasema bahari inakuja na nguvu."

Wakoli alikoroga glasi. Ikawa rangi moja. "Hapo hakuna juu, hakuna chini. Ngoja itulie."

"Mzee, na hujawahi kukalia dawati. Nani alikufunza?"

Wakoli alitazama kijiko. Ujanani yeye na Nekesa walikuwa vibarua wa daraja huko pwani, wamepanda sukuma wiki kando ya mto, kila mtu mistari yake. Nekesa alionja maji, akachota ya juu kwa kibuyu. Yeye akamcheka: msichana wa Kimilili atufunze mto? Akatumbukiza ndoo mpaka chini, kama kwao. Wiki haikuisha, mistari yake ikakauka. Ya Nekesa ikasimama. Wakoli akasema ni jua. Miaka arobaini na moja alisema ni jua, na Nekesa akimwachia.

"Nekesa," alisema. "Mimi nilitumbukiza ndoo. Yeye aliniambia juu." Akakifuta kijiko. "Halikuwa jua."

Mungai hakuuliza jua gani. Alitoka, akafunga mtungi mtupu kwenye mdomo wa bomba ili lielee, akakaza kamba mara mbili.

"Wakiniuliza huko, nitasema ni Nekesa."

Wakoli aliinua kidole. Kisha akakishusha.

"Sema," alisema.