Mtu Mwingine Ndani ya Simu ya Rahmah

Katika miaka kumi na tisa ya kupamba mabibi harusi, Rahmah hakuwahi kumwonyesha mwanamume sura ya hata mmoja wao. Marehemu mumewe, aliyekuwa sajini wa polisi, alizoea kumtania kwamba simu ya mkewe ina siri nyingi kuliko ghala la silaha. Siku moja aliomba aone tu jinsi hina ya mpwa wake mwenyewe ilivyotoka. Akaonyeshwa kisigino.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya Rahmah kuanzia Naguru hadi Mengo. Miongoni mwa Wanubi wa Kampala, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za ukoloni, bibi harusi hufungiwa chumbani siku kadhaa kabla ya ndoa. Husingwa, hufukizwa udi, hupakwa hina, na wanaoingia humo ni wanawake peke yao. Simu zote huachwa kwenye kapu mlangoni. Ya Rahmah tu ndiyo iliyoruhusiwa kuvuka kizingiti, kwa kuwa siku hizi shangazi mmoja yuko Arua na mwingine yuko Nairobi, nao wanataka kumwona binti yao. Rahmah alipiga picha, akazituma kwa wanaohusika, na nyingine akazihifadhi ili mabibi harusi wapya wachague mapambo. Nywele wazi, mabega wazi, dada wa bibi harusi wakicheza na kanga kiunoni. Wanawake thelathini na mmoja walimwachia Rahmah sura zao, na hakuna aliyewahi kujuta.

Shida ilianza simu ilipojaa. Kila akijaribu kupiga picha, simu iligoma. Mafundi anaowajua mjini wengi wao ni vijana wa kiume, na kumkabidhi mmoja wao simu ile lilikuwa jambo lisilofikirika. Akamlalamikia Tamim.

Tamim alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Rahmah alimlea tangu akiwa na miaka minne, na sasa alikuwa mlinzi katika jengo la maduka huko Doha.

"Mama, kuna programu," Tamim alisema. "Ukiiweka kwenye simu yako, mimi huku naiona simu yako kama nimeishika mkononi. Natengeneza, natoka. Na ni ya bure kabisa."

"Bure? Mkono mtupu haulambwi, Tamim. Nani anafanya kazi ya bure?"

"Dunia nzima wanaitumia, Mama! Unataka nipande ndege nije kufuta video zako za salamu za Ijumaa?"

Rahmah alicheka, akaiweka. Programu ilimuuliza maswali mengi: iruhusiwe kuona skrini? Iruhusiwe kugusa badala yake? Iruhusiwe kufikia mafaili? Kila mara Tamim alisema, "Ruhusu," naye akaruhusu. Mwisho Tamim akamwambia waweke nambari ya siri ya kudumu, ili siku nyingine aingie mwenyewe bila kumsumbua akiwa kazini. Rahmah alisita hapo.

"Folda ya mabibi harusi hutaifungua."

"Wallahi sitaifungua."

Akamwamini. Alijiambia kwamba Tamim si mwanamume wa kuogopewa, Tamim ni yule mtoto aliyekuwa akimwogesha kwenye karai. Nambari ikawekwa. Baada ya nusu saa simu ikawa nyepesi kama mpya, na Rahmah akawasifia majirani mwanawe anayetengeneza simu kutoka ng'ambo. Baada ya mwezi ikajaa tena. Jumatatu akamnung'unikia Tamim, Tamim akajibu kwamba ataishughulikia, na Rahmah hakulifikiria tena.

Jumatano saa tisa alasiri alikuwa nyumbani kwa Aloyo, mke wa polisi katika mtaa ulio chini ya kilima cha Naguru. Aloyo ni Mkatoliki kutoka Gulu, na binti yake Alum alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana wa Kinubi aitwaye Uthman. Mwanzoni Aloyo hakutaka mambo ya kumfungia binti yake ndani kama kuku wa kutaga. Rahmah ndiye aliyemtuliza, akamweleza mila hatua kwa hatua, akamhakikishia kwamba chumbani hakutakuwa na jicho la mwanamume. Asubuhi hiyo alikuwa amempiga Alum picha tatu, nywele zake zikiwa zimesukwa upya na mabega yake yaking'aa kwa mafuta.

Sasa alikuwa amepiga magoti akichora wayo wa Alum. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye mto, ikionyesha ua analoliiga. Vidole vyake vilikuwa vimejaa hina. Mikono ya Alum ilikuwa mibichi, imeinuliwa hewani.

Ua likatoweka kwenye skrini.

Rahmah alidhani simu imezima. Kisha akaona folda ikifunguka yenyewe. Picha zikapanda taratibu, kama zinavutwa na kidole kisichoonekana. Alama ndogo ya tiki ikatokea juu ya picha moja, kisha ya pili, kisha zikawa safu nzima.

"Shangazi," Alum alisema akicheka, "simu yako imepandwa na majini!"

Rahmah hakucheka. Akatazama vidole vyake, akatazama mikono ya bibi harusi, akatazama skrini ambayo sasa ilikuwa inatia tiki kwenye picha za Alum mwenyewe. Na hapo akafanya lile ambalo angemfanyia mwanamke yeyote aliyeingiliwa na mwanamume ghafla akiwa hajajisitiri: kwa kiwiko aliivuta gurbaba, ile shuka yake ya kujitanda, akaifunika simu yote, akakunja pembe zake chini ya mto.

"Ni mtandao tu," alisema. "Tulia, usiharibu hina."

Akaendelea kuchora. Alijihisi ameizuia hatari. Jani moja likatoka nene kupita kiasi, akaligeuza kuwa ua. Alimaliza wayo, akanawa, akafunua gurbaba. Skrini ilikuwa imetulia, ua liko palepale, kana kwamba hakuna lililotokea. Ndipo akili ilipomrudia. Yule aliyekuwa ndani hakuwa anatazama kutoka chumbani. Kitambaa kilimziba macho Rahmah peke yake.

Akaizima simu, akaaga kwa uongo kwamba anaumwa kichwa, akapanda bodaboda hadi karibu na soko la Owino.

Ayaa alikuwa fundi wa simu pekee wa kike ambaye Rahmah alimjua, msichana mwenye kibanda cha upana wa mlango mmoja, aliyesomea kompyuta chuoni akakosa ajira. Wateja wawili walikuwa mbele yake. Rahmah aliwasubiri amesimama, simu ameikumbatia kifuani, akitamani kusema kwa sauti kwamba nyumba yake inaungua.

Ayaa alisikiliza, akachomoa laini, kisha akaiwasha simu. Akafungua programu, akasoma.

"Jumatano, saa tisa na dakika nne. Amekaa dakika ishirini na mbili," alisema. "Amenakili picha mia mbili na kumi na nne."

"Amenakili ni nini?"

"Amezichukua, Mama. Zako zipo, na yeye anazo."

Rahmah akatafuta pa kukalia. Hapakuwapo. Ayaa akamsukumia ndoo iliyogeuzwa.

"Lakini niliifunika!"

Ayaa alimtazama, akaona si mzaha, akashusha sauti. "Ungezima data, Mama. Au ungeizima simu yenyewe. Programu haina kosa, imefanya ulichoiruhusu. Nambari ya siri haijui sura ya mtu. Yeyote mwenye nayo anaingia. Nani anayo?"

"Mwanangu tu."

Wakampigia Tamim kwa simu ya Ayaa. Alipokea akiwa kazini, ananong'ona.

"Si mimi, Mama. Niko zamu tangu asubuhi." Kisha akakumbuka. "Aa. Ni Olal huyo. Nilimwomba anisaidie."

"Olal ni nani?"

"Mlinzi mwenzangu, tunalala chumba kimoja. Ni mtu wetu, kutoka Uganda, anajua kompyuta kuliko mimi. Ulisema simu imejaa, mimi sina nafasi, nikampa nambari. Mama, Olal ni kama ndugu yangu."

"Ni ndugu yako wewe," Rahmah alisema. "Mimi simjui. Mabibi harusi wangu hawamjui. Uliapa, Tamim!"

"Niliapa sitaifungua mimi..." Akajisikia mwenyewe anavyosema, akaishia hapo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Mama. Nakupa namba yake."

Olal aliitika kwa adabu, jambo lililomwongezea Rahmah hofu. Mwizi angemtukana tu. Huyu alimwita Mama, akamuuliza mvua za Kampala zikoje.

"Nilitaka kuipunguzia simu mzigo," alieleza. "Lakini nikifuta hovyo mtanilaumu. Nikazinakili kwanza kwenye kompyuta yangu zisipotee."

"Umeziangalia?"

"Nilitazama kama zimefunguka vizuri, Mama. Chache."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu."

Ayaa aliichukua simu. "Kaka, washa kamera, igeuzie kompyuta yako. Sasa hivi, tukiwa tunaona."

Chumba kikatokea kwenye skrini: kompyuta iliyopasuka pembeni, juu ya kitanda cha chuma. Olal alifuta folda, Ayaa akamwamuru afungue tupio alimwage, akamwuliza kama amemtumia mtu yeyote, akamwambia afungue ujumbe alioutuma siku hiyo. Kijana alitii kila neno. Rahmah hakuwa anatazama kompyuta. Alikuwa anatazama kitanda cha juu, ambako miguu miwili ya mtu ilikuwa inaning'inia.

"Huyo ni nani?"

"Mwenzetu, Mama. Amelala."

Mguu mmoja ukajikuna kwa mwingine.

Walipokata simu, Ayaa aliiondoa ile programu, akabadilisha nambari zote. Akafuta skrini kwa kitambaa, akamrudishia.

"Mlango wako nimeufunga," alisema. "Kwa upande wa huko, tumeona alichotuonyesha. Zaidi ya hapo ni kumwamini tu. Mimi naona ni mtu mwema, lakini siwezi kukuapia."

Rahmah alijua kuna njia nyepesi. Picha zimefutwa, Olal ni mwema, bibi harusi hajui, Jumamosi itapita kwa vigelegele. Aliipima njia hiyo tangu Owino hadi kwake, akaipima akipika chakula ambacho hakukila. Kila alipokaribia kuikubali aliiona ile miguu. Je, mmoja wao akija nyumbani likizo, akakaribishwa harusini, akamtambua mke wa mtu? Je, akisema neno moja tu la kujisifu? Wanawake wale wangesikia kwa watu kwamba Rahmah alijua, akanyamaza.

Alhamisi asubuhi alirudi kwa Aloyo. Alimkuta anachagua mchele na Alum akiwa mlangoni mwa chumba chake. Rahmah alieleza yote akiwa amesimama, bila kupunguza, hata lile la kuifunika simu.

Aloyo aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "Uthman hajamwona mke wake bila shela, lakini kuna mlinzi huko Doha ameshamwona."

"Ndiyo."

"Mama Tamim, sisi hatuna mila hii. Ndugu zangu walinicheka. Nikawaambia, huyo mama ameniahidi hakuna jicho. Wewe ulinifundisha kufunga mlango, kumbe wewe mwenyewe uliacha dirisha!"

"Kosa ni langu."

"Ungesema jana! Jana ulikuwa umekaa hapo hapo, unamdanganya binti yangu kwamba ni mtandao!"

"Mama," Alum aliingilia, "mguu wangu mmoja bado. Na yeye amekuja mwenyewe kusema."

"Mguu utapakwa na mwingine." Aloyo alisimama. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hilo lilimuumiza Rahmah kuliko ukali. "Uthman nitamweleza mimi na baba yako, kabla ya Jumamosi. Na wewe, Mama Tamim, nenda kawaambie hao thelathini wengine. Nenda leo. Wasisikie kutoka kwangu."

Rahmah aliinamisha kichwa, akatoka. Barabarani alijilazimisha kukumbuka majina kwa mpangilio wa miaka. Wengine walikuwa wamehamia mbali, hao angewapigia. Waliobaki mjini aliona ni lazima awafuate kwa miguu yake, kwa kuwa jambo la namna hii halisemwi kwa simu, na kwa kuwa simu yenyewe alikuwa hataki hata kuigusa.

Alianzia Mengo kwa Aminah, bibi harusi wa kwanza kabisa kumpiga picha kwa simu, siku hizi mama wa watoto watatu na mke wa imamu mwenye wivu unaojulikana mtaani. Alibisha, akasikia kicheko kutoka ndani hata kabla mlango haujafunguliwa.

"Rahmah! Kama ni wewe basi kuna harusi. Safari hii ni ya nani?"

"Mume wako yupo?"

"Ametoka. Mbona uso huo? Ingia, nikuchemshie chai."

Rahmah alivua viatu, akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Chai baadaye, kama bado utataka kunipa," alisema. "Kaa kwanza, mwanangu. Ni habari ya picha zako."