Aliyeniamkia Bwawani

Nyinyi vijana mtakaosoma hapa, msianze kucheka. Mnasema mambo ya bibi ni ya kutishia watoto walale. Mimi niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo, na siku ile ulikuwa bado mchana. Hili lilinitokea mimi na binti yangu Elinipa, kwenye bwawa lililo chini ya Nkoaranga, na hasira yake haijanitoka hadi leo.

Ulikuwa wakati mashamba ya serikali yanapewa wawekezaji. Shamba la kahawa la pale likapata mwenyewe mpya, akaja na tingatinga, akanyanyua ukuta wa bwawa ili amwagilie maua. Wazee wakamwendea: bwana, ukipandisha maji utafunika makaburi, yale masale unayoyaona, mimea yetu ya kuonyesha kaburi, yamepandwa juu ya watu. Akajibu kwamba kwenye ramani yake hakuna makaburi. Ramani! Masika ikaja kubwa, bwawa likajaa, masale yakazama pamoja na watu wake.

Kahawa yetu mwaka ule haikuwa na maana, tukawa tunavua kitoweo. Wazee wetu hawakula samaki, walisema ni nyoka wa maji, lakini watoto wangu walikula. Sasa sikilizeni. Baada ya mvua kubwa maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Perege haoni chambo, mwache. Kambare yeye ananusa. Anakimbilia pale mfereji unapoingia bwawani, anangojea minyoo inayosombwa na mvua. Ndipo tulipokaa, ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye maji.

Nilikuwa nimeinama, namtunga mnyoo kwenye ndoano. Nikasikia, "Shikamoo, mama." Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa, nikaitikia bila kuinua kichwa, "Marahaba, mwanangu." Wewe ungefanya nini?

Nikainua macho. Jamani! Amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mzee kuliko baba yangu mzazi, masikio yametobolewa yananing'inia kama ya watu wa kale, na blanketi lake kavu. Yuko majini, blanketi kavu! Niaminini.

"Mzee," nikasema, "mbona unaniamkia mimi? Wewe ndiye wa kuamkiwa."

Akacheka. "Umeshaitikia. Umeniita mwanao. Basi mwambie dada yangu anipe mkono nitoke, huku kuna baridi."

Nikageuka kumkataza Elinipa, nikakuta hayupo. Ameshaingia majini hadi magotini, mkono mbele, anatabasamu kama anayemwona mtu wa nyumbani. Namwita, hasikii. Mkono wake ukashikwa.

Hapo woga ukaniisha. Zee zima, linageuza adabu tuliyofundishwa kuwa mtego! Kama una kesi, si umfuate aliyekufunika kwa maji? Binti yangu kakukosea nini? Nikatumbukia na nguo zangu, nikamkumbatia Elinipa kiunoni, nikampigia yule mtu kelele usoni: "Shikamoo, babu! Shikamoo! Nimekuamkia, niitikie!"

Akakaza midomo. Hakutaka. Nikarudia, nikarudia, koo likauma. Lakini mzee wa zamani, hata akiwa mfu, hawezi kuacha shikamoo ipite bure. Midomo ikafunguka yenyewe. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema, kwa uchungu. Sikuwa mama yake tena, wala Elinipa hakuwa dada yake. Akamwachia. Maji yakamfunika kichwa, hata povu halikuonekana.

Elinipa ni mama wa watoto sasa, lakini mkono wake ule haujapata joto. Anaepua sufuria ya mtori bila kitambaa, hasikii kitu. Hospitali walipima wee, hawakuona ugonjwa. Na mlinzi wa mwekezaji akaenda kutangaza sokoni kwamba yule mama alikuwa amelewa mbege. Mimi! Msharika wa kanisa miaka yote, mbege sijaionja! Makaburi yako chini ya maji mpaka leo, na maua yanapanda ndege kwenda Ulaya.

Kavueni, vijana, siwakatazi. Lakini sauti itakayokuamkia kutoka kwenye ukungu usiipe jibu kwa mazoea. Jioni ile ile niliwaita wote wa nyumbani, mume wangu akiwemo, nikawaambia: "Katika nyumba hii hakuna kuitikia shikamoo umeinama. Inua kichwa, mtazame mtu usoni, uione na miguu yake, ndipo useme marahaba."