Mchi Katika Uwanja wa Shule

Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka miwili nilipopelekwa kufundisha karibu na Kikoneni. Nilikuwa msichana wa Msambweni, nimemaliza shule juzi tu, na chama kimoja cha hisani kilikuwa kikiwachukua vijana kama mimi na kuwagawa katika shule zenye upungufu wa walimu. Tulipewa posho ndogo na baiskeli. Mimi nilifundisha hesabu darasa la nne, mchana nikawafunza wasichana kushona, na baada ya hapo nikafanya lolote ambalo mwalimu mkuu aliniagiza.

Bakora haikupumzika pale. Watoto walichapwa kwa kuchelewa, kwa kucheka, kwa kucha chafu. Niliuzoea mlio wake kupitia ukuta wa udongo, hata nikawa nausikia huku naendelea kuandika ubaoni.

Mwalimu mkuu hakuwa mlevi wala mtu wa matusi. Alikuwa Mdigo wa huko huko, mwembamba, shati lake jeupe siku zote, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba watoto wetu hawatapata nafasi za sekondari ila kwa fimbo. Siku niliyomwambia kuwa mtoto ametoka damu, alinionyesha makovu ya viganja vyake.

"Mimi nilipigwa kuliko hawa," akasema. "Na leo ndimi mwalimu mkuu."

Darasa la saba lilikuwa na msichana mmoja tu. Mama yake alikuwa mjane aliyewatwangia watu mahindi kwa ujira ili binti asome. Asubuhi moja mwalimu mkuu alimwuliza swali kwa Kiingereza. Jibu alilijua, lakini likamtoka kwa Kidigo, na Kidigo kilikuwa marufuku shuleni. Akaambiwa anyooshe mkono. Fimbo ya kwanza akaivumilia, na ya pili. Ya tatu akaidaka, akaishikilia.

Haya nilisimuliwa na wenzake. Mimi nilifika niliposikia ukelele. Nilimkuta mwalimu mkuu amemlaza mkono juu ya meza, anavipiga vidole kwa upande mnene wa fimbo, uso wake hauna hata hasira.

"Mwalimu, basi! Umemvunja!"

Hakunisikia. Nikamrukia mkono. Akanipiga kiwiko cha uso, mdomo ukapasuka, nikaangukia madawati. Nilipoinuka, msichana alikuwa ameketi sakafuni, vidole viwili vimeelekea upande usio wao. Nikampakia kwenye baiskeli mpaka hospitali, akitapika njiani kwa maumivu.

Kesho yake watoto walikuwa wamepanga mistari mbele ya bendera mama wa yule msichana alipoingia uwanjani, mchi begani. Alinijia mimi kwanza.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa huo mdomo. Yuko wapi?"

Sikuwahi kujibu. Mwalimu mkuu alikuwa akitoka ofisini.

"Ni mkono upi?" mama akamwuliza.

"Mama, haya mambo tutayazungumza ndani."

"Nakuuliza, ni mkono upi uliomvunja mwanangu?"

Akampiga. Mchi ulimpata juu ya kiwiko cha kulia, nao mkono ukaning'inia papo hapo. Pigo la pili likamwangusha. Watoto wakashangilia. Wakashangilia kweli, wakirukaruka, mpaka damu ilipotapakaa kwenye lile shati jeupe, ndipo wadogo wakaanza kulia. Nilimkumbatia mama kwa nyuma.

"Mama, utaua!"

"Niache niue!"

Alikuwa na nguvu za ajabu. Alinikung'uta kama kanga. Mwalimu mkuu alikuwa akitambaa mchangani, akimlilia mama yake mzazi kwa Kidigo. Yule mwanamke akasita. Nilidhani yamekwisha. Akainua mchi akampiga tena, mbavuni, kisha akautupa na kukaa chini kuwangoja askari.

Kesi ilisikizwa Kwale. Kabla yake, ofisa wa chama chetu alikuja kuniona. Akaniambia kwa upole kwamba mimi ni mgeni tu wa shule, na mgeni haoni kila kitu.

"Lakini mimi nimeona," nikamwambia.

Nikayasema yote mbele ya hakimu, ya vidole na ya mchi. Mama akafungwa miezi kadhaa. Mwalimu mkuu hakushtakiwa. Mkono ulipopona akahamishiwa shule moja upande wa Taru. Mimi chama kikanishukuru na kuniambia nirejeshe baiskeli.

Msichana hakurudi darasani. Nilimwendea mara nyingi, nikambembeleza. Alikuwa akilima mihogo kwa mkono mmoja mzima.

"Nimesoma vya kutosha, bi mwalimu," akanijibu, bila kusimamisha jembe.

Mama yake alipotoka jela alikuja kwa miguu mpaka kwetu Msambweni, amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Mama yangu akampakulia wali, akamkalia karibu, akilia kimyakimya. Yeye alikula wote.

"Hakimu aliniuliza kama najuta," akasema. "Nikamwambia ndiyo, ili nirudi kwa mwanangu upesi."

Kisha akaomba aongezwe mchuzi.